Château, kasri na kitenta: kutafsiri safari ya vijiji vya divai kwa msomaji wa Kaniama

Mwanafunzi wa lugha katika nchi yetu hutafsiri matini nyingi ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya watu wa kwao. Mojawapo ni matini za utalii. Humo tunakuta sifa za *villages viticoles historiques* na *châteaux perchés*, na kwa mtazamo wa kwanza kazi inaonekana rahisi: kamusi ina kijiji, ina divai, ina ngome. Tunaweka neno mahali pa neno, tunaweka nukta, tunampa mwalimu karatasi.

Mimi ni mzaliwa wa Kaniama, katika mkoa wa Haut-Lomami. Nimechagua kuitazama matini ya aina hiyo nikimfikiria msomaji mmoja tu: kijana wa sekondari wa Kaniama. Hajawahi kuona mzabibu wala ngome ya mawe. Lakini malafu anayajua, reli anaijua, na habari za Nkongolo na Kalala Ilunga amezisikia. Je, akisoma tafsiri yetu ataelewa nini? Na jambo la pili, ambalo naliona kubwa zaidi: atafikiri nini juu ya mahali alipozaliwa?

Katika makala haya nitaeleza kwanza matini inazungumzia kitu gani, kisha nitachambua maneno mawili, *château* na *vin*, halafu nitaonyesha kinachokaribiana na safari hiyo katika nchi ya Waluba. Mwishoni nitatoa mfano wa tafsiri na mazoezi machache.

1. Kitu chenyewe

Huwezi kutafsiri usichokijua. Tuchukue Alsace, mashariki ya Ufaransa, kati ya milima ya Vosges na mto Rhin. Huko kuna barabara ya divai iliyofunguliwa rasmi mwaka 1953. Ina urefu wa kilomita 170 hivi, na inapita katika vijiji na miji midogo kama Riquewihr, Ribeauvillé na Kaysersberg. Juu ya Ribeauvillé kuna magofu ya ngome tatu. Kaysersberg ndipo alipozaliwa Albert Schweitzer mwaka 1875, yule daktari aliyekuja kufungua hospitali Lambaréné, Gabon, mwaka 1913.

Kwa nini ngome ziko juu na vijiji viko chini? Sababu zinaeleweka. Bwana wa nchi alijenga kileleni ili aione njia ya bondeni, wafanyabiashara wanaopita na maadui wanaokuja. Mzabibu nao unapenda mteremko, kwa sababu hapo unapata jua la kutosha na maji hayatuami kwenye mizizi. Watu walikaa katikati, chini ya ngome na karibu na mashamba, wakazungusha ukuta kuwalinda wao wenyewe na mapipa yao. Kwa hiyo ngome, shamba na kijiji ni vitu vitatu vya mpango mmoja. Mtafsiri akilijua hilo hataandika sentensi ambayo ngome inaelea peke yake hewani.

Jambo jingine la kujua ni hili. Ngome inayotembelewa sana huko ni Haut-Koenigsbourg, juu ya mlima wa zaidi ya mita 700. Jeshi la Waswidi liliichoma mwaka 1633, ikabaki gofu. Mwaka 1899, Alsace ikiwa chini ya Ujerumani, mji wa Sélestat uliitoa zawadi kwa mfalme mkuu Wilhelm II, naye akamwagiza msanifu Bodo Ebhardt aijenge upya. Kazi ilianza mwaka 1900 ikaisha 1908. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile ambacho mgeni anakipiga picha leo kama kitu cha kale ni kazi ya mwanzo wa karne ya 20. Reli yetu inayopita Kaniama kwenda Ilebo ilikamilika mwaka 1928, yaani miaka 20 tu baadaye. Nitalirudia jambo hili.

2. Neno *château*

Katika Kifaransa neno hili lina angalau maana tatu ambazo mwanafunzi wa Kongo atakutana nazo.

Ya kwanza ni jengo la bwana au mfalme, lenye kuta za kujilinda au lenye fahari tu. Ya pili ni shamba la mizabibu pamoja na nyumba yake. Katika eneo la Bordeaux jina *Château* likiandikwa kwenye chupa linamtaja mwenye shamba na mazao yake, hata kama nyumba yenyewe ni ya kawaida, haina mnara wala ukuta. Ya tatu ni *château d'eau*, yaani mnara wa maji. Hapa kwetu hii ya tatu ndiyo inayojulikana zaidi. Ukimwambia mtoto wa shule kwamba Wafaransa wanapanda mlimani kutazama *château*, usishangae akiuliza kama huko hakuna maji ya bomba.

Kiswahili kina maneno kadhaa kwa maana ya kwanza, na hayalingani. *Ngome* ni mahali pa kujilinda: tunasema Ngome Kongwe ya Unguja. *Boma* ni uzio, wa miti au wa mawe, na baadaye likawa pia jina la ofisi ya serikali ya kikoloni. *Husuni* limetoka katika Kiarabu *hisn*, nalo limebaki katika jina la Husuni Kubwa, jumba la sultani wa Kilwa lililojengwa karne ya 14 juu ya genge linalotazama bahari. *Gereza* limetokana na neno la Kireno *igreja*, yaani kanisa, likahamia kwenye ngome na hatimaye likawa nyumba ya wafungwa. Huko Kilwa Kisiwani ngome ya pwani bado inaitwa Gereza, ingawa hakuna mfungwa ndani yake.

Halafu kuna *kasri*. Hili limetoka katika Kiarabu *qasr*, na wataalamu wanaona kwamba Waarabu walilipata kutoka Kilatini *castrum*, kambi ya askari. *Château* nalo limetokana na *castellum*, yaani *castrum* ndogo. Basi *kasri* na *château* ni ndugu wa ukoo mmoja: mmoja alipita kaskazini, mwingine akapita Uarabuni na Bahari ya Hindi hadi kwetu. Lakini undugu wa maneno si usawa wa maana. Kasri kwa msomaji wa Kiswahili ni nyumba ya fahari ya mfalme. Halimfanyi afikirie kilima, ukuta na ulinzi. Kwa ngome za Alsace, *ngome* linafaa zaidi. Kwa chupa ya Bordeaux, *shamba la mizabibu*. Kwa maji, *mnara wa maji*.

3. Neno *vin*

Hapa pia tuna utajiri unaoweza kutupoteza. *Divai* imetoka katika Kifaransa *du vin*. Kwa Wakristo wengi wa kwetu neno hili lina harufu ya altare: divai ni ya misa. *Mvinyo* imetoka katika Kireno *vinho*, na Tanzania inatumika sana. Ukifika Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana na ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, utasikia mvinyo wa Dodoma, wakulima wa zabibu, mashamba ya mizabibu. Mtafsiri anayetafuta msamiati wa kilimo hiki kwa Kiswahili aanzie huko, kabla ya kubuni maneno yake.

*Tembo* ni kinywaji kinachogemwa kwenye mnazi. Angalia methali ya pwani: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kiambishi *-li-* kinatuonyesha kwamba tembo hili ni la ngeli ya ji-/ma-, tofauti na tembo mnyama, ambaye angeitwa *hu-m-tia*. *Pombe* ni jina la jumla. Na sisi tuna *malafu*, kutoka kwenye mchikichi au mwale. Neno hili lina ndugu pande zote: Wakongo wa magharibi wanasema *malafu*, jirani zetu wa Kasai wanasema *maluvu*. Sauti zimebadilika kidogo, lakini kiambishi *ma-* kimebaki, kilekile cha *maji*, *mafuta*, *maziwa*. Lugha za Kibantu zimeyaweka malafu pamoja na vitu vya majimaji ambavyo havihesabiki mpaka viingie ndani ya chombo.

Je, tunaweza kutafsiri *vin* kwa *malafu* ili kijana wa Kaniama aelewe haraka? Mimi nasema hapana, na sababu iko katika kazi ya vinywaji vyenyewe. Malafu yakigemwa alfajiri ni matamu. Chachu iliyoko hewani na kwenye chombo inaanza kazi mara moja. Mchana yamekuwa makali, na yakilala yanakuwa machachu, kesho yake yanaelekea kuwa siki. Ndiyo maana tunasema kwa Kiswahili cha Katanga: *Bazee banakunywaka malafu mangaribi.* Ile *-ka* ya mwisho inaonyesha mazoea, jambo la kila siku, kwa sababu kila siku kuna malafu mapya. Divai ya zabibu inafanya kinyume. Inawekwa pipani, inangoja miezi au miaka, na mwaka wa mavuno unaandikwa kwenye chupa. Kijiji cha divai kinajivunia stoo yake ya chini ya ardhi. Kijiji cha malafu hakina stoo. Kina mgema anayepanda kila siku. Ukiandika malafu mahali pa divai, umefuta kitu ambacho mtalii anakwenda kukitazama: kinywaji kinachozeeka.

4. Safari inayokaribiana nayo kwetu

Hapo ndipo swali la pili linapoingia. Kijana wetu akisoma kwamba mahali pa kihistoria ni ngome ya mawe na divai ya miaka 10, atatazama kuzunguka Kaniama na kusema kwamba kwetu hakuna kitu. Nimesikia wanafunzi wenzangu wakisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Lakini kuna njia ya wafalme katika nchi yetu, na divai imo pia. Masimulizi ya Waluba yanamtaja Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu ambaye jina lake ni la upinde wa mvua. Alikuwa mkali na mlevi. Alikula, alikunywa na kucheka mbele ya watu wote. Akaja Mbidi Kiluwe, mwindaji kutoka mashariki, ambaye hakula wala kunywa machoni pa watu. Mbidi akazaa na Bulanda, dada wa Nkongolo, mtoto aliyeitwa Kalala Ilunga. Kijana huyo alipopata nguvu, mjomba wake alimtegea shimo chini ya mkeka wa ngoma. Ngoma ikamwonya, akakimbilia kwa baba yake, na baadaye akarudi kumshinda Nkongolo. Tangu hapo mfalme wa Waluba alikula na kunywa faraghani.

Jirani zetu Walunda nao wanasimulia habari ya malafu. Wana wa mfalme, Kinguri na Kinyama, walirudi nyumbani wamelewa. Waliona maji ambayo baba yao alilowekea nyuzi za kusukia, wakadhani ni malafu anayowaficha, wakampiga. Ndipo mzee akampa binti yake Lueji bangili ya ufalme, lukano, na Lueji akaolewa na Cibinda Ilunga, mwindaji wa Kiluba. Mwaka 1972 mtaalamu wa Ubelgiji, Luc de Heusch, alichapisha kitabu juu ya masimulizi haya ya kusini mwa nchi yetu, akakiita *Le Roi ivre*, yaani Mfalme Mlevi.

Mahali pake ni wapi? Mji wa Nkongolo, Mwibele, na ule wa Kalala Ilunga, Munza, vinatajwa upande wa ziwa Boya, katika teritwari jirani ya Kabongo. Zaidi ya hapo, kila mfalme wa Waluba alijenga mji wake mwenyewe. Akifa, mji ule haukuhamiwa na mrithi. Uliwekwa kuwa *kitenta*, makao ya roho yake, na mwanamke aliyeitwa Mwadi akakaa hapo akiwa kinywa cha marehemu. Mrithi alikwenda kujenga kwingine. Hivyo nchi ikajaa makao ya wafalme waliopita, bila jiwe juu ya jiwe.

Na kitabu cha kumwongoza mgeni kilikuwepo: *lukasa*, ubao unaoshikwa mkononi, wenye shanga na makombe. Watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa vidole, shanga moja ikiwa mfalme, nyingine ziwa, nyingine njia au mpango wa baraza. Mwaka 1996 jumba la makumbusho mjini New York lilifanya maonyesho makubwa juu ya sanaa ya Waluba na kumbukumbu, na lukasa zilikuwa kiini chake. Anayetaka vitu vya kushika aende pia kwenye habari za Sanga, kando ya ziwa Kisale, humuhumu Haut-Lomami. Makaburi yaliyochimbwa huko mwaka 1957 na 1958 yalitoa vyungu, shaba na chuma vya watu walioishi zaidi ya miaka 700 iliyopita.

5. Tutafsiri swali

Sasa tunaweza kusema tofauti iko wapi. Mgeni wa Alsace anauliza: jengo hili ni la mwaka gani? Mgeni wa kitenta anapaswa kuuliza: mahali hapa ni pa nani? Ukifika kijijini ukamwuliza mzee, "Tate, magofu ya jumba la mfalme yako wapi?", atakujibu kwa haki kwamba hakuna. Ukimwuliza, "Tate, hapa ni kitenta cha nani?", umemfungulia njia ya kusimulia. Jibu la kwanza na la pili linahusu ardhi ileile. Kilichobadilika ni neno tulilokwenda nalo.

Kwa hiyo simkubali anayeita kitenta "ngome ya Waluba" ili kukipa heshima. Heshima hiyo ni ya kuazima, na mgeni atakayeletwa kwa ahadi ya ngome atarudi akiwa amekasirika. Simkubali pia anayesema kwamba mahali pasipo mawe si pa kihistoria. Haut-Koenigsbourg yenyewe inatufundisha kwamba mawe pekee hayatoshi: ilibidi watu waamue ngome ya kale ilikuwa na sura gani, ndipo waijenge. Mawe yalihitaji masimulizi.

Hata hivyo kuna tofauti moja inayotudai haraka. Gofu lile lilingoja miaka 266 na bado lilikuwepo. Kitenta hakiwezi kungoja hivyo. Siku ambayo hakuna tena mtu anayejibu "ni cha fulani", mahali pale panakuwa pori kama pori jingine, na hakuna msanifu atakayelirudisha. Sisi tunaosoma lugha ndio tunaoweza kuandika jina, hadithi na swali sahihi, kwa Kiluba, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, wakati wenye majibu bado wapo.

6. Mfano

Tuchukue sentensi niliyoitunga kwa mtindo wa matini hizo: *Perché au-dessus de la vallée, le château veille sur un village viticole historique.*

Tafsiri ya neno kwa neno: "Likiwa limetua juu ya bonde, kasri linakesha juu ya kijiji cha divai cha kihistoria." Kutua ni kwa ndege. Kukesha ni kukosa usingizi. Na kijiji cha divai kinaweza kueleweka kama kijiji cha walevi.

Tafsiri inayofaa: "Juu ya kilima kuna ngome ya kale inayolitazama bonde lote. Chini yake kuna kijiji ambacho watu wake wamelima mizabibu na kutengeneza divai tangu enzi za mababu." Sentensi moja imekuwa mbili, na hakuna hasara. Kwa msomaji wa Kaniama naongeza maelezo mafupi: "Divai hii huhifadhiwa kwenye mapipa kwa miezi au miaka, tofauti na malafu yanayonywewa siku ileile."

Tugeuze sasa. Sentensi ya Kiswahili: "Hapa ni kitenta cha mfalme." Ukiandika *château du roi*, umedanganya. Ukiandika *ruines du palais*, umedanganya mara mbili, kwa kuwa hakuna magofu na mahali pale hapakuachwa. Bora kuliacha neno *kitenta* lilivyo na kueleza mara moja: makao ambamo roho ya mfalme aliyekufa iliendelea kukaa na kushauriwa. Wafaransa hawakutafsiri *château* walipotuletea. Nasi tunaweza kuwapa *kitenta*.

Mazoezi

1. Tafsiri kwa Kiswahili, ukieleza chaguo lako la neno kila mara: *un château d'eau, un château de Bordeaux, un château en ruine sur une colline.*

2. Tofautisha *malafu matamu*, *malafu makali* na *malafu yaliyolala*. Kisha ueleze kwa nini maneno haya hayatoshi kuelezea divai ya zabibu.

3. Sahihisha sentensi hii na utoe sababu: "Mgema alimtia tembo maji."

4. Chagua mahali pamoja pa kale katika eneo la kwenu ambapo hapana jengo. Mwulize mtu mzima pana jina gani na ni pa nani. Andika jibu lake kwa lugha aliyoitumia, halafu ulitafsiri kwa aya moja ya Kiswahili na aya moja ya Kifaransa. Usitumie neno *ngome* wala *château*.